Kioo Kisipimwe Kikiwa Moto

Wapo watu ambao kukaa kwao ndiyo kazi yenyewe, na wapo wanaowapita hapo walipokaa na kuwaona wavivu. Mshonaji alikuwa wa hao wa pili. Yaliyomfika yanasimuliwa hapa kwa ajili ya kila mama mwenye haraka kama yake, kabla naye hajaharibu kitu ambacho hakikuwa na kasoro.

Aliishi ghorofa ya juu kabisa, katika nyumba ya vyumba viwili na korido ndefu iliyopita katikati kama mkono wa shati. Juu palikuwa na paa la zege ambapo wapangaji walianika nguo. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha, na kutwa nzima watu wa chini walisikia mguu wake ukikimbia. Mumewe alikuwa fundi vioo. Alitia vioo kwenye madirisha, makabati ya maduka, milango ya maofisi, akirudi jioni na plasta mbili tatu vidoleni.

Siku moja aliitwa kubomoa kaunta ya ofisi ya zamani, akarudi na kipande cha kioo kinene vidole viwili. Akakikata maduara mawili, kila moja upana wa kisahani cha chai, akayaweka mezani na kutangaza kwamba atatengeneza darubini.

"Ya kuonea nini?" mshonaji aliuliza, pini zikiwa bado mdomoni.

"Mwezi."

"Mwezi huo hapo dirishani, unauona bure."

"Nataka kuuona kwa karibu. Nijue kama huko nako kuna mabonde."

"Ukishajua, utahamia?"

Fundi alicheka kwa pua, kama kawaida yake, na kesho yake akaleta pipa. Alilijaza mchanga lisitikisike, akalisimamisha mwanzo wa korido, akabana duara moja juu yake. Katikati akamwaga unga mweusi wa kusagia na maji, na duara la pili likawekwa juu. Kazi ilikuwa kulisukuma hili la juu mbele na nyuma huku akilizunguka pipa, hatua moja kila misukumo michache, jioni baada ya jioni. Kioo kikisagana na kioo namna hiyo, cha chini huvimba na cha juu hubonyea. Cha juu ndicho alichokitaka. Kilipobonyea unene wa sarafu alibadilisha unga, ukawa mwembamba, kisha mwembamba zaidi, na mwisho akaacha unga kabisa, akawa anakisugua kwa lami na poda nyekundu ya masonara mpaka kikang'aa kama maji.

Aliyekuwa naye katika haya yote ni binti yao wa pekee, aliyefanya kazi duka la miwani mtaa wa tatu. Baba yake alimwita Jicho, kwa sababu macho ya fundi yalikuwa yameshachoka na ya binti yaliona vivuli ambavyo yeye hakuviona. Kupima kulifanyika mchana, dirisha la korido likiwa limezibwa kwa blanketi. Kioo kilisimamishwa kwenye kibao chake mwisho wa korido. Mwanzo wa korido, hatua nne hivi kutoka hapo, paliwekwa taa ndani ya kopo lililotobolewa tundu la ncha ya sindano, na kando yake wembe uliofungwa kwenye skrubu. Mwanga ulikwenda, ukagonga kioo, ukarudi. Jicho aliweka jicho lake nyuma ya wembe na kuusogeza kidogokidogo. Kioo kikiwa sawa, chote hugeuka kijivu kwa mpigo mmoja. Kikiwa na kasoro, hata nyembamba kuliko utando wa buibui, huiona imesimama pale kama kilima au imezama kama shimo.

Lakini kabla ya kupima, kila mara, fundi alikaa.

Hilo ndilo lililomkera mkewe. Alikuwa akimaliza kusugua, anakisimamisha kioo kwenye kibao, anakifunika kitambaa, kisha anaketi kwenye kigoda na mikono juu ya magoti. Saa nzima. Mara nyingine mbili.

"Umekaa," mshonaji alimwambia akipita na kapu la nguo.

"Nakisubiri."

"Kwani kinakwenda wapi?"

"Kinatulia, mama."

"Na mimi nikitulia hivyo, nani atapika?"

Miaka minne ilikwenda hivyo. Halafu, siku ya kazi kama nyingine, alimpita kwenye kigoda akienda jikoni, akamwambia, "Umekaa tena." Aliporudi akampita, akaongeza, "Leo hata hujibu." Alipopita mara ya tatu ndipo alipoona kwamba kitambaa cha kufunikia kioo kimo bado mkononi mwa mumewe, na mkono hauna nguvu ya kukishika.

Moyo, alisema daktari. Mshonaji hakumwambia mtu yeyote maneno aliyomwambia marehemu mara mbili.

Siku ya tatu baada ya maziko alianza kusafisha nyumba kama anayefukuzwa. Alitaka pipa litoke, kopo litoke, mabomba na vibao vitoke. Jicho alisimama mbele ya pipa, macho makavu.

"Kioo kisiguswe."

"Upuuzi huu ndio uliomkalisha baba yako miaka minne," mama yake alisema. "Na wewe, tangu tumemzika hujatoa hata chozi moja. Watu wameona. Una roho gani wewe?"

Baada ya wiki moja Jicho alikubali kazi aliyokuwa akiikataa siku zote, kwenye karakana ya miwani ya tajiri wake, mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Mlangoni mama yake aliuliza atarudi lini.

"Kioo kikiisha," alisema Jicho, akabeba begi.

Kwa kuwa aliyekuwa akikitengeneza alikuwa kaburini, wote wawili walielewa jibu hilo.

Miezi ikapita. Jicho alipiga simu kila Jumapili. Umeshindaje mama, nimeshinda salama, huko mvua, huku hakuna, haya mama, haya mwanangu. Dakika tatu. Mshonaji alibaki ameshika simu muda mrefu kuliko mazungumzo yenyewe. Alikuwa akishona gauni la mteja na kujikuta amepima mabega ya binti yake kwa kukisia. Aliosha vikombe viwili. Kitanda cha Jicho alikibadilisha shuka kila mwezi, shuka ambazo hakuna aliyezilalia.

Siku moja, akitafuta chaki, alilikuta daftari la mumewe. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtu wa darasa la saba kama yeye, kwa hiyo aliusoma wote. Ndani mlikuwa na picha za jinsi kioo kinavyoonekana nyuma ya wembe, na chini ya kila picha maneno machache. Kijivu chote: basi. Shimo katikati: shusha pembeni. Kilima katikati: sugua katikati kwa lami ndogo, dakika tano, pima.

Alisoma mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye korido, akafunua kioo, akajiona humo amepinduka kichwa chini. Alisema peke yake, "Kikiisha anarudi. Amesema mwenyewe."

Ndivyo alivyoanza. Jirani yake msusi, aliyesukia watu nywele mlango wa pili, alimkuta akilizunguka pipa, gauni limejaa madoa mekundu.

"Shoga, unalizunguka kama mchumba wako amezama humo."

"Acha maneno, nishikie hiyo taa."

"Nishike nini, mimi mikono yangu ina mafuta ya nazi. Hebu kwanza niambie, unajua unachokifanya?"

"Kimeandikwa."

Kilikuwa kimeandikwa, kweli. Ila hakuna mtu anayeandika kwenye daftari kwamba alikaa.

Mshonaji alikuwa akimaliza kusugua anakiosha kioo kwa maji ya vuguvugu, maana baridi ilimuuma vidole. Halafu alikibeba kwenda mwisho wa korido akiwa amekikumbatia kifuani kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga, kwa hofu ya kukiangusha. Anakisimamisha, anakimbilia kwenye wembe, anaweka jicho. Na kila mara, katikati ya kioo, kilima. Kimevimba kama mkate. Analaza kioo, anachukua lami ndogo aliyoimimina kwenye kifuniko cha kopo la rangi ya viatu, anasugua katikati dakika tano. Anaosha, anakumbatia, anapima. Kilima kipo.

"Kama kichwa cha baba yako," alimnung'unikia Jicho asiyekuwepo.

Wiki ya tano kilima kilianza kupungua. Wiki ya saba, siku ya Ijumaa mchana, alisogeza wembe na kioo chote kikageuka kijivu kwa mpigo mmoja, laini, bila doa. Alirudia mara nne. Kisha akampigia binti yake simu, ingawa haikuwa Jumapili.

"Mwanangu. Kioo kimekubali."

Upande wa pili mashine ya kusagia lenzi ilisikika ikizimwa.

"Nani amekimaliza?"

"Mimi."

"Wewe, mama?"

"Mimi na daftari la baba yako."

Jicho aliomba likizo, akapewa siku saba. Hata siku ya safari ya binti, mshonaji hakukiacha kioo. Alikisugua kidogo tena, akapima tena, kijivu tena, ndipo akakifunika na kwenda stendi. Binti alifika jioni, amekonda shingo, akala kidogo, akalala kwenye zile shuka. Mama yake alisimama mlangoni akisikiliza anavyopumua.

Asubuhi Jicho alikwenda moja kwa moja kwenye korido. Akaziba dirisha kwa blanketi, akawasha taa ya kopo, akaketi kwenye kigoda. Mshonaji alisimama nyuma yake akijifuta mikono ambayo haikuwa na maji. Jicho aliusogeza wembe, akaurudisha, akausogeza.

"Mama. Jana ulipokipima, ulikuwa umetoka kukisugua?"

"Ndiyo. Nikakiosha, nikakileta hapo."

"Ulikaa muda gani kabla ya kupima?"

"Kukaa kufanya nini?"

Jicho akainuka. "Njoo uone."

Mshonaji akaweka jicho. Katikati ya kioo palikuwa na shimo, mviringo, limezama kama bakuli.

"Jana halikuwepo," alisema. "Nakuapia. Jana kilikuwa kijivu."

"Jana kilikuwa moto. Usiondoe jicho."

Jicho alitembea mpaka kwenye kioo, akaweka kidole gumba juu yake, akahesabu taratibu mpaka sitini, akatoa. Nyuma ya wembe mshonaji aliona pale palipokuwa na kidole pameota kilima kidogo, umbo la gumba lenyewe. Alikitazama. Kilisinyaa polepole, kikafifia, kikaisha, na kioo kikawa kama hakikuguswa.

"Joto la mkono tu hilo," Jicho alisema. "Kioo kinavimba kikipata joto. Baba alikuwa anasubiri joto lake litoke. Ukikipima kikiwa moto unaona kilima ambacho hakipo."

Mshonaji alikuwa anahesabu. Maji ya vuguvugu. Kifua chake. Wiki saba alizokuwa anasugua kilima ambacho kilikuwa joto la kukumbatia kwake mwenyewe, mpaka mahali palipokuwa sawa pakawa shimo.

"Kwa hiyo kilikuwa kizima," alisema hatimaye.

"Baba alikuwa amebakiza kidogo sana."

"Na mimi nimekiharibu."

Kule nje msusi alikuwa anamcheka mteja. Mshonaji aliona begi la binti yake kupitia mlango wa chumba, bado halijafunguliwa. Alikalia kigoda. Tangu kifo kile hakuwahi kukikalia.

"Nilitaka urudi," alisema. "Sikuwa na haja na mwezi."

"Nimerudi, mama."

"Ulisema kikiisha. Hakijaisha."

"Najua nilivyosema."

"Na siku ile pia. Siku ya tatu. Nilikuangalia usoni nikasema nilichosema." Alivuta pumzi. "Nilikupima ukiwa moto, mwanangu."

Jicho aliushika ule wembe, akaizungusha skrubu bila kupima chochote. Kisha akaenda chumbani. Mshonaji alisikia zipu ya begi, akafumba macho, asijue kama inafungwa au inafunguliwa. Binti alirudi na rula.

"Nisogezee hiyo taa," alisema.

Alipima shimo. Upana wa vidole vitatu. Kisha akapima kile kioo kidogo cha bapa, ambacho baba yake alikuwa amekwisha kukifunga kwa mshazari karibu na mdomo wa bomba la plastiki jeusi, ili kuupindisha mwanga uende kwenye lenzi ya pembeni. Upana wa vidole viwili na kitu.

"Kioo kidogo kinatupa kivuli chake katikati ya kikubwa," alisema. "Kilicho chini ya kivuli hicho hakionekani hata kikiwa kibovu. Shimo lako limejificha humo karibu lote. Kimebaki kipete chembamba tu. Mama, una kitambaa cheusi?"

"Unaniuliza mimi kama nina kitambaa?"

Mshonaji alikata duara la kadibodi, akalivisha kitambaa cheusi kizito cha suti, akalishonea pindo kwa mkono, mishono midogo ambayo hata mteja mkorofi asingeiona. Jicho alilibandika nyuma ya kioo kidogo, kivuli kikakua, kikalimeza shimo lote. Kioo kikubwa kiliwekwa chini ya bomba vivyo hivyo, bila kupakwa fedha ya kurudishia mwanga, kwa sababu mwezi una mwanga wa kutosha hata kwa kioo kitupu. Kisha, kabla hawajafanya lolote, wakakiacha kitulie. Walikaa wawili kwenye korido, mmoja juu ya kigoda, mwingine sakafuni, saa mbili nzima. Mara tatu mshonaji aliinua mkono kutaka kushika kazi fulani, na mara tatu akaurudisha gotini.

Siku ya nne ya likizo, jua likiwa linazama, nusu mwezi ulikuwa umesimama juu ya paa la zege. Walipandisha bomba na miguu yake ya mbao katikati ya nguo zilizoanikwa, msusi akiwa nyuma na kiti.

"Nimekuja kushuhudia," msusi alisema. "Mkikosa mwezi, mniambie, nitawaonyesha kwa kidole."

Jicho alilenga, akarekebisha lenzi, akampisha mama yake. Mshonaji aliinama. Mwanzoni aliona weupe tu unaotetemeka. Kisha weupe ukatulia na ukawa nchi. Palikuwa na mashimo makubwa yenye kingo, na pale mwanga ulipokutana na giza, milima iliyotupa vivuli virefu, na kati ya milima, chini kabisa, sehemu zilizolala tambarare.

"Mabonde yapo," alisema.

Hakuwaambia wao. Jicho alielewa anaambiwa nani. Aliketi juu ya zege palepale, akajifunika uso kwa viganja, na kile kilio kilichokuwa kimengojewa na watu siku ya tatu kikatoka hapo, kikubwa, bila haya. Msusi alitaka kusogea na mshonaji akamzuia kwa mkono. Yeye mwenyewe, ambaye maisha yake yote alikuwa wa kwanza kusema nyamaza, futa macho, inuka, aliketi kando ya binti yake na kungoja. Mwezi ulitoka kwenye lenzi peke yake na hakuna aliyeufuata.

Siku ya saba gari la kumpeleka stendi lilipiga honi chini. Jicho alikuwa amemwandikia maelezo ndani ya daftari, chini ya mwandiko wa baba yake: shimo halitoki kwa kusuguliwa, pembeni ndiko hushushwa, taratibu, mpaka palingane nalo. Kazi ya miezi. Na kila ukimaliza, mama, ukae.

Mshonaji hakuuliza atarudi lini. Swali lilikuwa ulimini, akalimeza.

"Njoo," Jicho alisema. Kioo kilikuwa kimetolewa kwenye bomba na kusimamishwa kwenye kibao chake tangu jana, taa ya kopo inawaka. Alikiwekea kiganja chote, akakibana hapo huku honi ikipigwa tena, na tena. Akatoa mkono, akamkumbatia mama yake, akabeba begi.

Mlangoni waliagana kwa maneno machache. Mshonaji alisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi mpaka vikaisha. Halafu akarudi haraka kwenye korido, akaketi kwenye kigoda, akaweka jicho nyuma ya wembe.

Kilikuwa bado kipo. Vidole vitano na kiganja, vimevimba juu ya kioo. Chini, gari likawashwa. Kidole kidogo kikafifia kwanza. Kitambaa cha kusugulia kilikuwa karibu, na poda pia, na mshonaji hakuvigusa. Aliweka mikono juu ya magoti, akakitazama kiganja cha mwanawe kikishuka, kidogokidogo, mpaka kioo chote kikapoa.